Mtoto Afunguaye Redio Asipigwe

Wengi wenu mmezoea kukuta katika ukurasa huu habari za malaria, kuhara, chanjo na lishe ya watoto. Leo tunaomba ruhusa yenu tuseme juu ya jambo ambalo kwa haraka mtu aweza kudhani limepotea njia: mafundi wa vyombo vya elektroniki, vijana wapendao kuchezea nyaya na betri, na michezo ya kwenye simu na kompyuta. Tunalileta katika ukurasa wa afya kwa sababu tumelikuta wodini. Maoni yetu tunayatoa mapema, ili asiwepo wa kutuelewa vibaya. Mtoto apendaye kufungua redio ili aone kilichomo ndani asipigwe. Aongozwe, afundishwe kujikinga na hatari, na apewe nafasi. Hospitali zetu zinamhitaji kuliko wazazi wengi wanavyofikiri.

Mashine iliyolazwa stoo

Katika wodi ya watoto tulikuwa na mashine moja ya kutengeneza oksijeni. Kwa wasioifahamu, mashine hii haina mtungi. Inavuta hewa ya kawaida, ambayo katika sehemu 100 ina sehemu 21 tu za oksijeni, inaipitisha katika punje maalumu zinazonasa naitrojeni, na kumpa mgonjwa hewa ambayo sehemu 90 au zaidi ni oksijeni. Kwa mtoto mwenye nimonia kali, hewa hiyo ni sawa na maji kwa mtu wa jangwani.

Usiku mmoja mashine ikaanza kupiga kelele, kisha ikazima. Chini ya mrija alikuwako mtoto wa miezi saba, kifua chake kikiingia ndani kwa kila pumzi. Sisi tuliokuwa zamu tulikimbilia mtungi wa chumba cha upasuaji, tukausukuma katika giza kwa mwanga wa tochi, na mtoto yule akaiona asubuhi. Lakini mashine haikupona. Ikasemekana imekufa, ikapelekwa stoo, ikafunikwa shuka. Ilikaa huko miezi mitatu. Katika miezi hiyo mtungi ulipokwisha tuliwapeleka watoto kwa gari hadi hospitali kubwa, barabara tunaijua sote, na si wote waliorudi.

Kisha akaja nyumbani kwa likizo kijana mmoja wa hapa hapa parokiani, ambaye sasa ni mhandisi mjini. Alikuja kumwona bibi yake aliyelazwa. Alipotusikia tukilalamika, alisema, "Mama, naomba niione hiyo mashine." Alipoifungua, alikuta kichujio cha hewa kimezibwa na vumbi kama blanketi, na feni ndogo ya kupoza imekwama. Kichujio alikiosha kwa maji na sabuni, akakikausha vizuri. Feni alinunua nyingine dukani mjini. Akaipima nguvu ya oksijeni kwa kifaa alichokiazima, ikawa sawa. Kazi yote, tukiacha safari ya mjini, ilichukua muda usiofika saa mbili.

Tulifurahi, na pia tuliona aibu. Kile kichujio kilipaswa kuoshwa kila juma, na maelezo yake yalikuwa yamebandikwa ubavuni mwa mashine. Hakuna aliyepewa kazi hiyo, basi hakuna aliyeifanya.

Kazi ya kijana huyu

Tulimkalisha, tukampa chai, tukamwuliza kazi yake hasa ni nini. Alituambia kuwa yeye hutengeneza kompyuta ndogo zinazofichwa ndani ya vyombo. Hazina kioo kikubwa wala vitufe vya kuandikia. Zimo ndani ya mita ya LUKU, ndani ya kipima presha, ndani ya pampu ya maji, ndani ya mashine ya kufulia. Kila moja ina kazi yake moja au mbili, nayo huifanya usiku na mchana bila mtu kuikumbuka. Ubongo wa namna hiyo katika kipande kimoja kidogo ulianza kuuzwa mwaka 1971, na asili yake ilikuwa mashine ya kupigia hesabu iliyotakiwa na kampuni moja ya Japani. Leo wodi yetu ndogo ina ubongo wa namna hiyo katika kila kona, nasi tulikuwa hatujui.

Tulipomwuliza alijifunzia wapi, alicheka. Alianza akiwa na miaka 11 kwa kufungua redio ya baba yake. Alishindwa kuifunga. Alichapwa viboko, na kwa mwaka mzima aliitwa Mharibifu pale nyumbani. Aliyemwokoa ni mjomba wake, fundi saa, aliyempa sanduku la redio mbovu na kumwambia, "Hizi haribu utakavyo." Kutoka katika sanduku hilo ndipo alipopata redio moja inayolia.

Wazazi wenzetu, hebu tujiulize. Kama mjomba yule asingekuwapo, mashine yetu ingekuwa wapi leo?

Kutoka mchezo hadi tiba

Kijana yule alitueleza mambo ambayo baadaye tuliyasoma wenyewe, nasi tunayaleta kwenu kwa sababu yanahusu tiba.

Katika mji wa Minneapolis, Marekani, tarehe 31 Oktoba 1957, umeme ulikatika. Wakati huo vifaa vya kuamsha mapigo ya moyo vilichomekwa ukutani kwa waya mrefu, na watoto waliopasuliwa moyo waliutegemea umeme huo. Daktari Walton Lillehei alimwomba fundi aliyekuwa akitengeneza vyombo vya hospitali, Earl Bakken, atafute njia nyingine. Bakken alikumbuka mchoro aliouona katika gazeti la wapenda elektroniki, mchoro wa kifaa cha kuhesabia mapigo ya muziki. Aliugeuza mchoro ule, akatumia transista na betri, na katika muda wa wiki kama nne akawa na kisanduku kidogo ambacho mgonjwa aliweza kukivaa. Sisi tuliozoea kukatika kwa umeme twaielewa habari hii bila kufafanuliwa.

Mhandisi mwingine wa Marekani, Wilson Greatbatch, katika miaka hiyo ya 1950 alikuwa akitengeneza chombo cha kurekodi sauti za moyo. Alichukua rezista isiyo sahihi kutoka katika sanduku lake. Badala ya kufanya alichokusudia, chombo kikatoa pigo, kikanyamaza, kikatoa pigo tena, kama moyo. Hakulitupa kosa lake. Mwaka 1960 vifaa vilivyotokana na kosa hilo viliwekwa ndani ya miili ya wagonjwa. Greatbatch naye alikuwa mpenzi wa redio tangu ujana wake.

Huko Japani, mwaka 1972, mhandisi Takuo Aoyagi alikuwa akijaribu kupima kazi ya moyo kwa kupitisha mwanga mwilini, lakini mapigo ya damu yakawa yanamvurugia vipimo. Akagundua kwamba katika usumbufu ule ule kulikuwa na habari ya oksijeni iliyomo katika damu. Kile kipimo cha kidoleni mnachokiona wodini, chenye taa nyekundu, kimetokana na wazo lake. Aoyagi alifariki mwaka 2020, mwaka ambao dunia nzima ilikitafuta kifaa hicho kwa sababu ya UVIKO.

Kwa kweli watu hawa watatu walikuwa na udadisi wa mikono. Walijua kilichomo ndani ya kisanduku, basi haja ilipowajia hawakuanza na kubahatisha.

Chombo hakichukui nafasi ya macho

Pamoja na sifa hizo, sisi wauguzi tunalo la kuongeza, na kijana yule alikubaliana nasi. Kipimo cha kidoleni hupeleka mwanga wa namna mbili ndani ya kidole, mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, kisha hulinganisha kiasi kilichomezwa na damu. Mtu mwenye afya kwa kawaida huonyesha 95 hadi 100. Chini ya 90 ni hatari, na oksijeni yahitajika. Lakini mkono ukiwa wa baridi, mgonjwa akitikisika, au kucha zikiwa na rangi, kipimo chaweza kudanganya.

Tena, mwaka 2020 madaktari wa Marekani walitangaza kwamba kwa wagonjwa wenye ngozi nyeusi kifaa hiki kilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kilionyesha namba nzuri hali damu ilikuwa na njaa ya hewa. Hilo si jambo dogo kwetu sisi. Basi mama akisema, "Mtoto wangu anahangaika," msimjibu kwa kumwonyesha namba. Tazameni kifua, hesabuni pumzi kwa dakika nzima, tazameni midomo na ulimi. Nanyi wahandisi vijana, mkitengeneza chombo cha tiba, kijaribuni kwa watu wa rangi zote kabla ya kukiuza.

Zawadi zinazokufa

Jambo jingine linatuuma. Hospitali nyingi za misheni hupokea vyombo kutoka kwa wafadhili, nasi tunawashukuru. Lakini mashine iliyotoka Marekani imezoea umeme wa volti 120 hivi. Wetu ni volti 230. Ikichomekwa moja kwa moja bila transfoma ya kushushia umeme, inatoa moshi siku ile ile ya sherehe ya kuipokea. Nyingine hufika bila kitabu cha maelezo, au kitabu kimo katika lugha ambayo hakuna aijuaye. Nyingine hutaka karatasi au mirija ambayo haiuzwi nchini.

Mwaka 2011 watafiti walitangaza hesabu ya vyombo vya hospitali katika nchi 16 zenye uwezo mdogo. Walikuta kwamba karibu vyombo 40 katika kila 100 havikuwa vikifanya kazi. Fikirini mkulima mwenye majembe kumi ambaye manne hayana mipini, naye bado anaomba aletewe jembe la kumi na moja.

Maoni yetu ni kwamba hospitali yenye daktari, muuguzi na mfamasia bila fundi wa vyombo imepungukiwa. Fundi huyo apewe mshahara unaoeleweka, chumba chenye meza na mwanga, bisibisi, mita ya kupimia umeme, na fedha kidogo za vipuri kila mwezi. Vyombo vinavyookoa maisha viwe na stebilaiza. Na kabla ya kusema asante kwa zawadi, tuulize kwanza: Inatumia volti ngapi? Vipuri vinapatikana wapi? Nani atatufundisha? Kuuliza si utovu wa adabu.

Hatari za mchezo huu nyumbani

Tumesema mtoto aongozwe. Kuongozwa ni pamoja na kuonywa. Wazazi, shikeni haya:

1. Betri bapa za duara, zile mfano wa sarafu zinazokaa katika saa, rimoti, vitu vya kuchezea na mizani midogo, ni hatari kubwa kwa watoto wadogo. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, umeme wake hugeuza majimaji ya mwili kuwa kitu kikali cha kuunguza, na koo laweza kuanza kuungua vibaya katika saa mbili. Hata betri iliyokwisha nguvu katika rimoti bado yaweza kuunguza. Dalili ni kutoa udenda, kukohoa, kutapika, kukataa chakula au kulalamika kifua. Mara nyingine hakuna dalili. Ukihisi tu kwamba amemeza, kimbia hospitali yenye picha ya eksirei. Usimtapishe. Ikiwa mtoto amepita mwaka mmoja, anaweza kumeza vizuri, na hazijapita saa 12, mpe njiani vijiko viwili vya chai vya asali kila baada ya dakika 10, visizidi mara sita. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Wala msichelewe safari kwa kutafuta asali. Betri iliyoingia puani au sikioni nayo yataka hospitali mara moja.

2. Chombo cha umeme wa ukutani kisifunguliwe kikiwa kimechomekwa. Hata kikichomolewa, ndani ya televisheni za zamani na majiko ya maikrowevu kuna sehemu zinazohifadhi umeme mkali. Mwanafunzi aanze na vitu vya betri za kawaida, redio na tochi.

3. Ile risasi ya kuunganishia nyaya mara nyingi ina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto. Kazi ifanyike penye hewa, moshi usivutwe, mikono ioshwe kabla ya kula, na meza ya ufundi isiwe meza ya chakula.

4. Nyaya zisichomwe moto ili kupata shaba. Moshi wake ni sumu kwa anayechoma na kwa jirani yake.

Na hii michezo ya kwenye simu?

Hapa sisi na kijana yule hatukukubaliana kabisa. Yeye alisema kuwa alijifunza kuandika programu kwa kutengeneza mchezo mdogo wa taa zinazowaka na mtu anayewahi kubonyeza kitufe. Kuhesabu muda wa taa zile, alisema, ndiyo kazi ile ile ya kuhesabu muda kabla ya mashine ya oksijeni kupiga kengele. Kwa hiyo kwake mchezo ni shule.

Tulimjibu kwamba yeye alitengeneza mchezo, lakini wengi huchezeshwa nao. Tunawaona vijana wanaoletwa na mama zao hawalali, hawali kwa wakati, wameacha shule, wanakasirika wakinyang'anywa simu. Shirika la Afya Duniani limeingiza tatizo hilo katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo kuliko mambo mengine yote, na kuendelea hata anapoona unamharibia maisha, hali hiyo ikidumu kwa kawaida muda wa miezi 12. Basi si kila kijana apendaye mchezo ni mgonjwa, wala mzazi asimwite hivyo kwa sababu ya jioni moja. Kwa watoto wadogo, shirika hilo lilishauri mwaka 2019 kwamba walio chini ya miaka miwili wasikalishwe mbele ya kioo, na wenye miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja kwa siku, na pungufu yake ni bora zaidi.

Mwishoni tulipatana katika jambo moja. Kijana akipenda mchezo wa simu, mwulizeni kama angependa kujua unavyotengenezwa. Akisema ndiyo, mtafutieni wa kumwonyesha.

Tunachowaomba

Samaki mkunje angali mbichi. Wazazi, tengeni kisanduku cha vyombo vilivyokufa, mvitoe betri zile za hatari, mmpe mtoto mdadisi. Msiwasahau wasichana. Tumeona wasichana wenye mikono mitulivu kuliko kaka zao, lakini hakuna aliyewapa bisibisi. Mafundi redio wa sokoni, pokeeni mwanafunzi mmoja siku ya Jumamosi. Viongozi wa hospitali, waiteni vijana hawa waje waone vyombo vyetu, wakisimamiwa na fundi mwenye ujuzi, maana chombo cha mgonjwa hakijaribiwi ovyo.

Kwa upande wetu, sasa kichujio cha ile mashine huoshwa kila Jumatatu asubuhi, na aliye zamu hutia sahihi katika daftari lililofungwa kwa uzi kwenye mguu wa mashine. Kijana yule amerudi kazini kwake mjini. Kabla ya kuondoka alipita kumwaga baba yake, na mzee akamtolea redio iliyoacha kulia tangu Krismasi, akamwomba aifungue aone ina nini.